Bomba la mvuke la mita 10

Nimekuwa kimya kwa miezi kadhaa, na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika au nimeoa. Sijaacha, na kuoa bado. Mama alikuwa mgonjwa, nikawa naye. Leo nataka kuwasimulia jambo nililojifunza katika miezi hiyo. Linahusu mashine, tarakilishi, na bomba moja la mvuke lililo chini ya ardhi huko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Ni hadithi ndefu kidogo, kwa hiyo chukua kikombe cha chai, uketi.

Mama anaishi Voi. Ana kibanda cha kuuza chai na mahamri karibu na stendi ya magari. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti, na kidonda kilipopona daktari akasema sasa apate matibabu ya mionzi: vikao 25, siku 5 kwa wiki. Basi akaja Nairobi, akalala kitandani kwangu, mimi nikalala sakafuni, na kila asubuhi tukapanda matatu kwenda hospitali moja ambayo sitaitaja jina.

Nyinyi mnanijua. Nilisomea sayansi ya tarakilishi na riziki yangu ni kuandika programu. Nikiona mashine siridhiki kuambiwa inafanya nini, nataka kujua inafanyaje. Kwa hiyo Mama akiwa ndani, mimi niko kwenye benchi nje, nasoma kwa simu. Nilidhani ndani ya mashine ile kuna jiwe fulani lenye mnururisho. Kumbe hakuna. Ile ni kichapuzi, yaani mashine ya kuzipa kasi elektroni. Ndani yake kuna bomba la shaba lililogawanywa vyumba vyumba, hewa yote imetolewa, na mawimbi ambayo ni ndugu wa yale ya jiko la maikrowevu hupita humo yakizisukuma elektroni mbele. Zikigonga kipande cha metali nzito, eksirei kali hutoka, na eksirei hizo ndizo zinazoua seli za saratani.

Siku ya kikao cha 9 tulikuta karatasi imebandikwa mlangoni: mashine imeharibika, mtapigiwa simu.

Watu walikuwa wengi pale. Wengine walikuwa wametoka mbali, na hawakuwa na mtoto Nairobi wa kuwapa kitanda. Nilimwona fundi akitoka na mkoba wake, nikamfuata hadi kwenye ngazi.

"Samahani, kaka. Kimeharibika nini?"

"Mfumo wa maji ya kupoza," akasema. "Pampu."

Nilishangaa. Mashine ya mamilioni ya pesa imesimamishwa na pampu ya maji? Yule kaka alikuwa mpole, akanieleza. Mawimbi yakipita kwenye shaba, shaba hupata moto. Ikipata moto hutanuka. Inatanuka kidogo sana, pungufu ya unene wa unywele, lakini vyumba vile vimechongwa vilingane na wimbi la urefu mmoja tu. Vikibadilika ukubwa, wimbi na chumba haviongei tena. Kwa hiyo maji huzunguka kuishika shaba katika joto lile lile wakati wote, na maji yakisimama mashine hujizima yenyewe.

"Watu hufikiri kazi yangu ni mionzi," akasema. "Kazi yangu kubwa ni mabomba."

Tulisubiri siku 11. Daktari alikuwa ametuambia tangu mwanzo kwamba kukatiza matibabu katikati si vizuri, kwa sababu seli mbaya zilizobaki hupata nafasi ya kuzaana tena. Mama hakusema kitu. Alifua nguo zangu zote, hata zilizokuwa safi. Mimi nilikuwa na hasira, na mwenye hasira ambaye kazi yake ni tarakilishi hufanya jambo moja tu: hukaa macho usiku kucha akisoma mtandaoni. Swali langu lilikuwa hili: hivi hakuna njia nyingine ya kuzipa elektroni kasi, iliyo ndogo, rahisi, isiyohitaji shaba hii inayodekezwa kama yai?

Ndivyo nilivyokutana na plazma. Vitabu vingine huiita utegili, ila mimi nitasema plazma.

Plazma ni gesi ambayo atomu zake zimevuliwa elektroni. Radi ni plazma. Jua ni plazma. Ndani ya taa ndefu za mirija ofisini kwenu kuna plazma. Sasa, tatizo kubwa la vichapuzi vya shaba ni kwamba ukizidisha nguvu ya umeme ndani yake, cheche huruka na kuunguza kuta. Mpaka wa kawaida ni kama volti milioni 100 kwa kila mita, na vingi hufanya kazi chini ya hapo. Ukitaka nguvu zaidi, ongeza urefu. Ndiyo maana kituo cha SLAC kule California kilijenga kichapuzi kilichonyooka chenye urefu wa zaidi ya kilomita 3.

Plazma haiogopi cheche. Imeshararuka tayari, utairarua nini tena? Mwaka 1979 Toshiki Tajima na John Dawson waliandika kwamba mpigo mfupi wa leza ukipita ndani ya plazma utasukuma elektroni kando, na elektroni hizo zitarudi mahali pake, zipitilize, zirudi tena, na hivyo kuacha nyuma yake wimbi lenye nguvu ya umeme ya ajabu. Mliovuka Likoni mmeona jinsi feri inavyoacha mawimbi nyuma yake, na mtumbwi ulioko karibu ukainuliwa na kusukumwa. Hapa feri ni leza, au kifurushi cha chembe ziendazo kasi, na mtumbwi ni elektroni zile unazotaka kuzipa nguvu. Nguvu ya wimbi hilo inaweza kufika volti mabilioni kwa mita, hata makumi ya mabilioni plazma ikiwa nzito.

Na si maneno ya karatasini tu. Mwaka 2007 watafiti wa SLAC walitangaza kwamba walichukua elektroni zilizokwisha kufikia nguvu ya elektronivolti bilioni 42 katika mashine yao ndefu, wakazipitisha kwenye plazma yenye urefu wa sentimita 85, na baadhi yake zikatoka na nguvu maradufu. Sentimita 85! Kitanda changu ni kirefu kuliko hapo. Mashine iliyokuwa ikimtibu Mama huzipa elektroni nguvu ya elektronivolti milioni chache tu, milioni 6, milioni 10, hapo hapo.

Asubuhi nilimweleza Mama yote haya akiwa anakanda unga kwenye jiko langu la gesi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza:

"Baba, kama ni fupi hivyo na ina nguvu hivyo, mbona haiko hospitalini?"

Sikuwa na jibu. Miezi iliyofuata nimeitumia kulitafuta.

Mimi hujifunza kwa kuandika programu, kwa hiyo niliandika moja. Si kubwa. Ni Python, mistari kama 300, kwenye tarakilishi yangu ya mkononi ambayo feni yake hupiga kelele kama mashine ya kusaga mahindi. Nilichagua vipimo vya jaribio linaloitwa AWAKE, lililoko CERN karibu na Geneva, kwa sababu wameeleza kazi yao kwa uwazi sana. Wao hawatumii leza kama feri. Wanatumia protoni kutoka mashine yao ya SPS, zenye nguvu ya elektronivolti bilioni 400 kila moja. Kifurushi kimoja cha protoni hizo hubeba nishati ya takriban jouli 19,000. Leza kubwa za kazi hii hutoa makumi ya jouli tu kwa mpigo. Kwa hiyo kwa leza ungelazimika kuunganisha plazma fupi fupi nyingi, moja baada ya nyingine, lakini protoni zinaweza kusukuma wimbi ndani ya plazma moja ndefu bila kuchoka. Ndiyo sababu AWAKE wana bomba la mita 10.

Kuna ujanja mmoja hapo. Kifurushi cha protoni kina urefu wa sentimita kadhaa, na wimbi la plazma yao lina urefu wa milimita 1 na kitu. Feri ni kubwa mno kuliko mawimbi yake. Lakini ukikianza vizuri, plazma yenyewe hukikatakata kifurushi kuwa vipande vidogo vilivyopangwa umbali wa wimbi moja moja, na kila kipande huongeza wimbi palipo sawa, kama watoto wanaosukuma bembea kwa kupokezana.

Programu yangu ilianza kufanya kazi usiku wa pili. Niliweka elektroni kwenye wimbi la 100 nyuma, na nguvu yake ikapanda, ikapanda, mstari safi kwenye kioo. Nilifurahi kama mtoto. Kisha nikajiambia, mambo ya dunia hayanyooki hivi. Hebu niifanye plazma iwe nzito kwa asilimia 1 mwisho wa bomba kuliko mwanzo wake. Asilimia 1 ni nini?

Mstari ulipanda, ukalegea, ukaanza kushuka.

Nilitafuta kosa kwa usiku 3. Nilikagua kila mstari. Nilibadilisha hatua za muda. Nilishuku maktaba ya hesabu, kisha nikashuku tarakilishi, na usiku wa tatu tokeni za stima zikaisha katikati, nikabaki gizani na kalamu na tochi ya simu. Hapo ndipo nilipopiga hesabu kwa mkono, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

Fuata nami, ni hesabu ya shule tu. Urefu wa wimbi la plazma unategemea kipeuo cha pili cha wingi wa elektroni zake. Wingi ukipanda asilimia 1, wimbi hufupika kwa nusu ya asilimia. Kwa wimbi moja hilo si kitu. Lakini elektroni zangu zilikuwa kwenye wimbi la 100. Nusu ya asilimia mara 100 ni nusu ya wimbi zima. Na ukisogea nusu ya wimbi, unatoka upande unaosukuma mbele, unaingia upande unaovuta nyuma.

Kwa hiyo hapakuwa na kosa lolote. Programu ilikuwa ikiniambia ukweli usiku 3 mfululizo, na mimi nilikuwa nikiita ukweli huo kosa.

Niliporudi kwenye maandishi ya AWAKE nikaona kile nilichokuwa nimekiruka mara ya kwanza, kwa sababu kilionekana cha mabomba mabomba, hakina msisimko. Sharti lao lilikuwa kwamba plazma isitofautiane kwa zaidi ya asilimia 0.2 katika mita zote 10. Asilimia 0.2 mara nusu mara 100: sehemu ya kumi ya wimbi. Hapo elektroni inabaki pazuri. Hesabu yangu ya gizani na sharti lao vilikubaliana, na sijui lini nimefurahi vile.

Sasa, utatengenezaje gesi ya mita 10 ambayo kila mahali iko sawa hivyo? Hapa ndipo penye kazi, na nataka niwaeleze polepole.

Walichagua rubidi. Ni metali laini inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 39, joto la mtu mwenye homa. Ikikutana na maji huwaka, kwa hiyo si kitu cha kuchezea. Lakini ina sifa mbili nzuri. Atomu yake huachia elektroni yake ya nje kwa urahisi, na kiini chake ni kizito, hakiyumbishwi ovyo na wimbi linapopita. Ukiipasha moto hadi karibu nyuzijoto 200 unapata mvuke mwembamba, atomu kama trilioni 700 katika kila sentimita ya ujazo. Ukisikia trilioni 700 unaona ni nyingi, lakini ni nyembamba kuliko hewa unayovuta sasa hivi mara zaidi ya 30,000.

Mvuke huo unakaa ndani ya bomba la chuma. Katika mvuke wa namna hii, mahali penye joto zaidi atomu hupungua na mahali penye baridi huongezeka. Kwa hiyo ukitaka wingi sawa, unachohitaji ni joto sawa. Asilimia 0.2 ya joto hilo, ukihesabu kutoka sifuri halisi, ni chini kidogo ya digrii 1. Digrii 1 katika mita 10, bomba likiwa na joto la 200! Waya wa umeme uliozungushwa juu yake usingeweza kirahisi. Kila kiungo, kila mkunjo, pangekuwa na tofauti. Walichofanya ni kuliweka bomba ndani ya bomba jingine, na kati ya mabomba hayo mawili wakazungusha kimiminika cha moto, kwa wingi na kwa kasi, ili joto lisipate nafasi ya kutofautiana.

Nikasoma hapo nikasimamisha macho. Kimiminika, pampu, bomba juu ya bomba. Nilimkumbuka fundi wa kwenye ngazi.

Bado kuna ncha. Protoni na leza lazima ziingie na kutoka, kwa hiyo huwezi kuziba bomba kwa kioo. Kioo kingeharibika na kingewatawanyia chembe. Waliacha tundu la sentimita 1 kila upande. Mvuke unavuja hapo, ndiyo, lakini unavujia kwenye chumba chenye kuta baridi na unagandia humo, huku birika mbili za rubidi karibu na ncha zikiendelea kujaza kilichopotea. Plazma inaanza ghafla na inaisha ghafla. Na kwa sababu kuna birika mbili, wanaweza kupasha moja zaidi ya nyingine na kuweka mteremko mdogo wa makusudi. Mwaka 2018 nguvu yao kubwa kuliko zote ilipatikana kwa mteremko wa namna hiyo, wa kama asilimia 2, kwa sababu wimbi lenyewe husogea kidogo protoni zinapokatwakatwa, na mteremko ule husaidia kulirekebisha. Nilicheka. Mteremko uliovunja programu yangu ndio uliowafaa wao. Tofauti ni kwamba wao waliuweka wakijua.

Mwisho, mpigo mfupi wa leza hupita ndani ya mvuke na kuivua kila atomu iliyo njiani mwake elektroni moja. Moja tu, si zaidi. Kwa hiyo plazma inarithi usawa wa mvuke. Kama mvuke ulikuwa sawa, plazma iko sawa. Leza haisawazishi kitu. Kazi ya kusawazisha imeshafanywa na yule bwana wa kimiminika cha moto.

Mwaka huo wa 2018 waliingiza elektroni zenye nguvu ya elektronivolti milioni 19 hivi, na baadhi zikatoka upande wa pili na bilioni 2. Zilikuwa chache, na hilo hawakulificha. Magazeti yaliandika kuhusu bilioni 2. Sikuona lililoandika kuhusu digrii 1.

Je, ndiyo mwisho? Hapana, na hapa ndipo pananivutia zaidi. Leza huchoka njiani, kwa sababu kila atomu inayoivua elektroni inakula nishati yake. Mita 10 inaweza. Mita 100 au zaidi, ambazo ndizo watakazohitaji siku moja kwa majaribio makubwa ya fizikia, hapana. Kwa hiyo wanajaribu njia mbili zisizohitaji leza.

Ya kwanza ni kupitisha umeme mkali ndani ya bomba refu la kioo lenye gesi kama argoni, mithili ya ile taa ya ofisini. Mwaka 2023 walijaribu bomba la namna hiyo, mita 10, na protoni zikapita ndani yake. Ya pili inaitwa helikoni: unazungushia bomba antena za mawimbi ya redio, unaweka sumaku, na mawimbi yanaipasha gesi mpaka inakuwa plazma. Uzuri wake ni kwamba ukitaka bomba refu zaidi, unaongeza vipande. Huko Greifswald, Ujerumani, kifaa cha mita 1 kilishafikia uzito unaotakiwa, zile trilioni 700. Uzito umepatikana. Kinachowatoa jasho sasa ni kuufanya uwe sawa kutoka antena moja hadi nyingine, na kuupima kwa usahihi wa kutosha hata ujue kama uko sawa.

Kwa upande wa wenye leza kuna hadithi kama hiyo. Maabara ya Berkeley, Marekani, ilitumia kijibomba chembamba kilichochongwa ndani ya yakuti samawi na kujazwa haidrojeni. Umeme ukipita, plazma inakuwa nyembamba katikati na nzito kandokando, na leza inabaki katikati bila kutawanyika. Mwaka 2006 walifikisha elektroni bilioni 1 katika sentimita 3.3, mwaka 2019, bilioni 7.8 katika sentimita 20. Ili kufika huko iliwabidi wautengeneze upya umbo la plazma ndani ya kijibomba kwa leza ya pili ya kuipasha moto. Na kituo cha DESY mjini Hamburg, mwaka 2020, kilieleza jinsi kichapuzi chao cha plazma kilivyofanya kazi zaidi ya saa 24 mfululizo na kutoa mipigo 100,000. Nguvu yake haikuvunja rekodi yoyote. Lakini sisi tunaolala na simu kando ya mto, tukisubiri kuambiwa seva imeanguka, tunajua saa 24 bila kuanguka ina maana gani.

Basi nilirudi kwa Mama na jibu. Nikamwambia: haiko hospitalini kwa sababu hospitali inataka mionzi ya Jumanne iwe sawasawa na ya Jumatatu, na mipigo ya plazma bado hutofautiana. Kuna wanaofanya utafiti wa kutibu saratani kwa elektroni zenye nguvu kubwa zinazopenya ndani sana mwilini, na plazma ni mojawapo ya njia wanazozitazamia. Lakini mpaka leo hakuna mgonjwa anayetibiwa hivyo. Kazi iliyobaki ni ya kusawazisha.

Alikuwa ameketi karibu na karai. Akageuza hamri moja, akageuza la pili.

"Ni moto," akasema. "Moto ukiwa mkali upande mmoja, ya huku yanaungua na ya kule yananywa mafuta. Mteja hana haja na ukubwa wa moto wako. Anataka la leo liwe kama la jana."

Miaka 26 ya biashara ile. Angeweza kuniambia tangu siku ya kwanza, nisingetumia tokeni.

Mashine ya hospitali ilitengenezwa siku ya 11. Daktari alipiga hesabu zake na kuongeza vikao 2 kufidia pengo, kwa hiyo Mama alimaliza na 27 badala ya 25. Siku ya mwisho nilimtafuta yule fundi nimshukuru, nikaambiwa ameenda kuangalia mashine ya hospitali nyingine. Mama alikuwa amemfungia mahamri kwenye gazeti. Tukamwachia sista.

Kazini nako kuna kitu kimebadilika. Kabla ya hapo, kila tulipogawana kazi nilikimbilia zile zinazoonekana, kurasa mpya, vitufe vipya, na kukwepa zamu ya kuangalia seva, diski kujaa, nakala za akiba. Mwezi uliopita niliomba zamu hiyo mwenyewe. Msimamizi wangu aliuliza kama niko sawa.

Mama yuko Voi sasa. Kila baada ya miezi 3 anakuja kuangaliwa. Mara ya mwisho majibu yalikuwa mazuri. Mara nyingine ni mwezi ujao, na mpaka siku hiyo ifike sisi wawili hatulizungumzii jambo hilo kwenye simu. Tunazungumza mengine. Jumapili alinipigia:

"Lile bomba lako limefika hospitalini?"

"Bado, Mama."

"Basi na hili la shaba walitunze."

Haya, wapendwa, nisiwachoshe. Programu yangu nitaiweka hapa wiki ijayo nikishaisafisha, pamoja na kile kitufe cha mteremko wa asilimia 1, mjionee mstari unavyoshuka. Ukiona unashuka, tafadhali usikeshe usiku 3 ukitafuta kosa.